Kabla ya kununua kamera ya video, uliza picha zinakaa wapi

Ukiingia kwenye vibanda vya Luthuli Avenue au maduka ya kamera ya katikati ya Nairobi na kusema unatafuta kamera ya video, muuzaji ataanza na lenzi: inavuta mbali kiasi gani, ni 4K (picha yenye nukta mara nne ya Full HD) au si 4K, usiku inaonaje. Hayo ni maswali ya haki. Lakini kwa mtu anayetaka kupiga harusi, ruracio (sherehe ya mahari ya Wakikuyu), ibada, mahafali au mechi ya mtaani kisha amkabidhi mtu video iliyokamilika, kuna swali linaloamua mengi zaidi. Kamera hii inahifadhi picha wapi, na picha hizo zinatokaje humo hadi kwenye kompyuta?

Jibu lake litaamua kama utanakili kazi ya siku nzima kabla ya kulala au utakesha ukisubiri kanda icheze mwanzo hadi mwisho. Litaamua kama ile kamera ya mtumba uliyoonyeshwa kwa bei ya kutupa bado ina kazi yoyote leo. Na siku kifaa kitakapogoma, litaamua kama una nakala ya pili au huna. Lenzi ikiwa dhaifu kidogo, wateja wengi hawatagundua. Kiapo cha bibi harusi kikipotea, hakuna wa kukirudia.

Kwa hiyo anza na kazi, kisha piga hesabu, kisha chagua aina ya hifadhi. Dukani uende mwisho.

Hatua ya 1: Pima urefu wa kazi yako

Chukua karatasi ujibu maswali mawili. La kwanza: kipande kirefu kuliko vyote, kile ambacho huwezi kukikatiza, kina dakika ngapi? La pili: kwa siku nzima utarekodi jumla ya saa ngapi?

Ruracio ya Jumamosi huanza na nyimbo langoni wageni wakiomba kufunguliwa, halafu wazee wanaingia ndani kuzungumza na mara nyingi kamera inabaki nje, halafu chakula, utambulisho na hotuba. Kwa jumla unaweza kurekodi saa tano, lakini kwa vipande, na katikati kuna nafasi ya kubadilisha kadi au betri. Ibada ni tofauti. Inaweza kwenda saa mbili bila pengo, na mhubiri hakusubiri. Mechi ina dakika 45, mapumziko, kisha 45 nyingine. Mahojiano ya ofisini ni nusu saa hivi.

Hapa ndipo kamera ya video inapoishinda kamera ya picha kwa watu wengi wa kazi zetu. Kwa miaka mingi kamera nyingi za picha zilikuwa zikiacha kurekodi zenyewe zikifika dakika 29 na sekunde 59, kwa sababu Umoja wa Ulaya ulitoza ushuru tofauti kifaa kilichohesabiwa kuwa kamera ya video, na watengenezaji wakaamua kubaki chini ya nusu saa. Mpaka leo ukinunua kamera ya picha iliyotumika unaweza kukutana na kikomo hicho. Kamera ya video hurekodi mpaka hifadhi ijae au betri iishe.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya gigabaiti

Hatua hii wengi huiruka, halafu wanajuta mwezi wa pili. Kila kamera huandika kwenye vipimo vyake kiwango cha data, yaani megabiti ngapi kwa sekunde. Usichanganye megabiti na megabaiti: megabiti nane ndizo megabaiti moja. Njia ya mkato ninayoitumia ni kuzidisha megabiti kwa 0.45, na jibu ni gigabaiti kwa saa.

Jaribu na mifano halisi. AVCHD, mfumo ulioletwa na Sony na Panasonic mwaka 2006 na ambao kamera nyingi za mtumba hapa mjini bado zinautumia, ulifika megabiti 24 kwa sekunde katika ubora wake wa juu. Hiyo ni karibu gigabaiti 11 kwa saa. Toleo la baadaye lenye fremu 50 au 60 kamili kwa sekunde lilipanda hadi megabiti 28, ambayo ni kama gigabaiti 12.6. Full HD ya megabiti 50, kama ile ya XAVC S, mfumo mwingine wa Sony, inakula gigabaiti 22.5 kwa saa. Video ya 4K ya megabiti 100 inakula 45.

Sasa rudi kwenye ruracio ya saa tano. Kwa AVCHD ya megabiti 24 unahitaji gigabaiti 54, na kadi moja ya 64 inatosha bila nafasi kubwa ya ziada. Kwa 4K ya megabiti 100, siku ileile inataka gigabaiti 225. Ukiweka nakala mbili, ni 450. Ukipata kazi Jumamosi nne mfululizo, umeshakula terabaiti 1.8 za diski kwa mwezi mmoja, na bado hujaanza kuhariri.

Ndiyo maana nasema wazi: ikiwa mteja wako ataipokea video kwa flashi na kuwatumia jamaa vipande kwa WhatsApp, piga Full HD. Fedha utakayookoa kwenye kadi na diski inunue maikrofoni nzuri. Wanaohitaji 4K kweli ni wanaokata kingo za picha wakati wa kuhariri, wanaopigia wateja wanaoitaka kwa mkataba, na wanaotaka kazi ikae miaka mingi.

Hatua ya 3: Zijue aina za hifadhi, moja baada ya nyingine

*Kanda.* MiniDV ilianza kuuzwa mwaka 1995, na mwaka 2003 ukaja mfumo wa HDV uliorekodi picha kali zaidi kwenye kaseti ileile. Kaseti ya kawaida ni ya dakika 60. Zile kamera kubwa za begani kama Sony HVR-HD1000 ni za ukoo huu, na bado utaziona zikiuzwa kwa sababu zinamfanya mpigaji aonekane wa kazi. Picha zake si mbaya. Shida iko kwenye kuzitoa: kanda ya saa moja huhamishwa kwa saa moja, ikicheza, kupitia waya wa FireWire. Laptopu za sasa hazina tundu hilo. Kwenye nyingi ya kamera hizi tundu la USB halikuwekwa kwa ajili ya video kamili. Linatoa picha za mnato au video hafifu. Kwa hiyo bei ya kamera ijumlishe na bei ya kompyuta ya zamani au kadi ya FireWire ya kompyuta ya mezani, pamoja na kanda zenyewe.

Kuna sababu moja nzuri ya kununua kamera ya kanda leo, nayo ni kuokoa kumbukumbu. Nyumba nyingi za Nairobi zina sanduku la kaseti: harusi ya wazazi, ubatizo, mazishi ya babu. Kanda hizo hazipati nafuu zikikaa. Unyevu huzipandisha ukungu, na mashine za kuzicheza zinazidi kuadimika. Ukitaka kufanya kazi hiyo, iwe ni kwa familia yako au kwa malipo, tazama kwanza jina lililoandikwa kwenye kaseti. VHS-C, Hi8 na MiniDV haziingiliani hata kidogo. Kamera ya Digital8, iliyokuja mwaka 1999, hutumia kaseti za ukubwa wa Hi8, na baadhi ya hizo zinaweza kucheza hata kanda za zamani za Video8 na Hi8 na kuzitoa kidijitali kwa FireWire. Ukiipata nzima, ishike. Angalia pia kama kamera ni ya PAL au NTSC, mifumo miwili tofauti ya video. Kanda zilizorekodiwa hapa Kenya kwa kawaida ni za PAL, na kamera iliyotoka Marekani ni ya NTSC. Ukiiwekea kanda ya PAL huenda usipate picha ya maana.

*Diski ndogo.* Hizi ni DVD za sentimita 8, zenye gigabaiti 1.4 kila upande, zinazochukua kama nusu saa kwa ubora wa kati. Lazima diski ifungwe rasmi ndani ya kamera ndipo mashine nyingine ziweze kuisoma, na kamera ikifa kabla ya hapo kazi ya kuokoa picha inakuwa ngumu. Usinunue.

*Hadi diski (hard disk).* JVC walianza kuuza kamera zao za Everio mwaka 2004, na baada yao watengenezaji wengine wakafuata na kamera zenye gigabaiti 30, 60, 120 na zaidi. Wakati ule ilikuwa raha kubwa: unarekodi siku nzima bila kubadilisha chochote. Tatizo ni namna hadi diski inavyofanya kazi. Ndani yake kuna sahani inayozunguka kwa kasi, na kichwa cha kusomea kinaelea juu yake kwenye tabaka jembamba sana la hewa. Ukiiangusha kamera, kichwa kinaweza kugusa sahani, na hapo picha zimekwenda. Kamera nyingi za aina hii zina kihisio kinachokiondoa kichwa haraka kikigundua kwamba kamera inaanguka, jambo zuri, ila kihisio hicho kinaweza pia kukatiza kurekodi ukiwa unacheza na kukimbia na waimbaji. Mtetemo nao ni adui. Ukisimama kando ya spika kubwa za sherehe, au ukipiga ndani ya matatu yenye muziki wa kutikisa viti, kamera inaweza kukuletea onyo na kuacha kuandika.

Halafu kuna mwinuko. Kwa sababu kichwa kinaelea kwa hewa, hewa ikipungua uzito kinashuka. Nairobi yenyewe haina shida, iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Lakini vitabu vya maelezo vya baadhi ya kamera hizi vinakataza matumizi juu ya mita 3,000, na vingine juu ya 5,000. Kambi ya Old Moses kwenye njia ya Sirimon ya Mlima Kenya iko karibu mita 3,300, na Point Lenana ni mita 4,985. Anayepeleka watalii mlimani asibebe kamera ya hadi diski.

Pia, hadi diski ya ndani haitoki. Ikifa, fundi lazima afungue kamera nzima. Kwa mtumba, mimi huiacha hata kama muuzaji ameshusha bei mara tatu.

*Kumbukumbu ya ndani isiyo na sehemu inayozunguka.* Hii ni imara dhidi ya mtetemo na mwinuko, na ni akiba nzuri kadi ikijaa. Sony HXR-MC2500, kamera ya begani inayopendwa na wapiga harusi, ina gigabaiti 32 za namna hii pamoja na tundu la kadi. Kwa megabiti 28 hizo ni kama saa mbili na nusu. Udhaifu wake ni kwamba ili kunakili lazima kamera yenyewe iunganishwe na kompyuta. Huwezi kumpa mhariri kadi aondoke nayo huku wewe ukiendelea kupiga. Na kamera ikiibiwa Jumamosi usiku, kazi ya Jumamosi imeenda nayo. Ichukue kama nyongeza. Kamera yenye kumbukumbu ya ndani peke yake, bila tundu la kadi, usiifanyie kazi ya kulipwa.

*Kadi.* Hili ndilo chaguo langu kwa karibu kila mtu. Kadi ya SD haina kitu kinachozunguka, inatoka kwa sekunde moja, inasomwa na laptopu yoyote, moja kwa moja au kwa kisomaji, na unaweza kuongeza nafasi bila kubadilisha kamera. Lakini kuna ngazi tatu za kujua. SD ya kwanza kabisa iliishia gigabaiti 2. SDHC, ya mwaka 2006, inaanzia juu ya hapo hadi 32. SDXC, ya mwaka 2009, huanzia juu ya 32 hadi terabaiti 2. Kadi ya ngazi ya chini inaingia kwenye kamera mpya, lakini kamera ya zamani ya SDHC haikuundwa kwa kadi ya 64. Itaikataa, au itaipokea kisha ikusumbue katikati ya kazi. Tafuta alama iliyochapwa kando ya tundu la kadi kabla hujatoa M-Pesa.

Kuna kadi ambazo si SD, na hapa watu huumia. Kamera za zamani za Sony hutumia Memory Stick. Kamera za vituo vya televisheni zilizotoka Ulaya zinaweza kuwa za kadi za P2 za Panasonic, zilizoanza mwaka 2004, au SxS za Sony, za mwaka 2007. Mwili wa kamera unauzwa kwa bei ya kuvutia, nzuri kwa kila hali, ila kadi moja na kifaa cha kuisomea vinaweza kukugharimu kuliko ulivyotarajia. Uliza bei ya kadi na kisomaji kabla ya kuuliza bei ya kamera.

Kwa anayelipwa, ningesisitiza kamera yenye matundu mawili ya kadi. Canon XA11 na Sony HXR-NX100 ni mifano. Matundu mawili hufanya kazi kwa namna mbili unazochagua kwenye menyu. Ya kwanza, kadi ya kwanza ikijaa kamera inahamia ya pili yenyewe bila kukata, nayo inafaa ibada ndefu. Ya pili, kamera inaandika kitu kilekile kwenye kadi zote mbili kwa wakati mmoja. Hii ya pili ndiyo ya harusi. Kadi moja ikigoma, nyingine inayo kazi yote, na bibi harusi hatajua kwamba kuna lililotokea.

*SSD ya nje (diski isiyo na sehemu inayozunguka).* Kamera kadhaa za sinema, kama Blackmagic Pocket Cinema Camera 4K ya mwaka 2018, zinaandika moja kwa moja kwenye SSD kupitia waya wa USB-C. Ni nafasi kubwa kwa bei nzuri kwa kila gigabaiti, na inafaa studio au mahojiano. Kwenye umati wa watu wanaocheza, waya huo ukivutwa na kiwiko cha shangazi mmoja, kurekodi kumekatika. Uufunge kwa kibano cha waya au uache SSD nyumbani.

Hatua ya 4: Chagua kadi kwa uangalifu uleule

Namba kubwa iliyoandikwa mbele ya kadi, kwa mfano megabaiti 170 kwa sekunde, kwa kawaida ni kasi ya kusoma, tena katika hali nzuri kabisa. Wewe unahitaji kasi ya kuandika ambayo haishuki. Hiyo inaonyeshwa na alama ndogo: U1 au V10 ni angalau megabaiti 10 kwa sekunde, U3 au V30 ni 30, V60 ni 60, V90 ni 90. Ile 4K ya megabiti 100 inaandika megabaiti 12.5 kwa sekunde, kwa hiyo V30 inaimudu vizuri. Usimlipe mtu V90 kwa kamera ya AVCHD.

Kadi bandia ni janga la kweli mjini. Kadi inaandikwa gigabaiti 128, kompyuta inakubali kuwa ni 128, kumbe ndani kuna nane. Kiini chake kimedanganywa kitoe namba kubwa. Utarekodi, utaona dakika zikihesabika, na mwanzoni kila kitu kitaonekana sawa. Ukipita gigabaiti ile ya nane, kadi inaanza kuandika juu ya kilichopo au kuandika pasipokuwepo. Nyumbani unakuta majina ya faili yamekaa vizuri kwa mpangilio na hakuna hata moja linalofunguka.

Dawa yake ni kujaza kadi nzima na kuisoma tena. Kwenye Windows kuna programu ya bure iitwayo H2testw, na kwenye Mac na Linux kuna F3. Zinaandika kadi mpaka ijae kisha zinalinganisha kilichoandikwa na kinachosomeka. Kwa kadi kubwa ni kazi ya saa kadhaa, kwa hiyo patana na muuzaji siku ya kununua: nikikuta haina ukubwa ulioandikwa, nairudisha. Muuzaji anayejua bidhaa yake hukubali na kukuandikia risiti. Anayesema "hii ni orijino, ndugu yangu, haina haja ya kupimwa" umeshamjua.

Mambo mawili madogo ya kadi. Kadi ndogo ya simu iliyowekwa ndani ya adapta inafanya kazi, lakini umeongeza mahali pa pili ambapo mguso unaweza kulegea. Kwa kazi ya kulipwa tumia SD kamili. Na ule ubavu wa kushoto wa SD una kitelezi kidogo cha kufungia. Ukikisukuma kwa kidole unapoingiza kadi kwa haraka, kamera itasema kadi imefungwa na haitarekodi. Zoea kukipapasa kila unapobadilisha.

Hatua ya 5: Nenda dukani na laptopu yako

Beba kadi yako uliyokwisha kuipima, laptopu na kisomaji. Omba kiti. Weka kadi, ifomati ndani ya kamera, kisha rekodi dakika 15 mfululizo kwa ubora wa juu kabisa ukiielekeza barabarani, ambako kuna mwendo mwingi: watu, mikokoteni, bodaboda. Mwendo mwingi ndio unaoisumbua kamera na kadi. Usisimamishe kabla ya wakati hata muuzaji akionyesha haraka. Baada ya hapo cheza kwenye skrini ya kamera, kisha nakili kwenye laptopu na ufungue mwanzo, katikati na mwisho. Kama kamera ina matundu mawili, washa kurekodi kuwili na uhakikishe kadi zote mbili zina faili.

Kama ni ya kanda, sharti uione ikitoa video kupitia FireWire papo hapo. "Inawaka" haitoshi. Rekodi dakika mbili, rudisha nyuma, cheza. Ukiona vipande vya mraba vikirukaruka kwenye picha, vichwa vimechakaa au vina uchafu.

Ukiwa bado dukani, elekeza kamera kwenye taa za ndani. Stima yetu ni ya hezi 50. Kamera ya Marekani iliyofungwa kwenye fremu 30 au 60 mara nyingi itaonyesha mawimbi yakipita kwenye picha chini ya taa ndefu za mirija na baadhi ya taa za LED. Angalia kama menyu inaruhusu kuhamia 50. Kama hairuhusu, jaribu kuweka kasi ya shata kwenye 1/50 au 1/100 na uone kama mawimbi yanatulia. Ukumbi mwingi wa harusi una taa za namna hiyo, kwa hiyo jambo hili lisikupite.

Kamera ya mtumba yenye kumbukumbu ya ndani inaweza kuja na maisha ya familia nyingine ndani yake. Ifomati bila kuangalia. Na siku utakapoiuza wewe, fanya vivyo hivyo kwa ajili ya wateja wako.

Hatua ya 6: Panga njia ya picha kuanzia jioni ya kwanza

Hifadhi uliyonunua itakufaa tu ukijua picha zinakwenda wapi baada ya kazi. Usitoe betri wala kadi taa ya kuandika ikiwa bado inawaka. Faili isiyofungwa vizuri inaweza kukataa kufunguka. Ukifika nyumbani, nakili folda nzima kama ilivyo. Kwenye kamera za AVCHD utaona folda iitwayo PRIVATE, na ndani kabisa, kwenye STREAM, ndiko kuliko faili za MTS. Usichomoe hizo MTS peke yake. Kamera hukata kipande kirefu katika faili kadhaa kila kinapofika gigabaiti chache, na programu ya kuhariri inahitaji folda zile nyingine ili kuviunganisha bila kukosa sauti pale vinapokutana.

Nakili kwenye diski mbili tofauti. Tumia laptopu yenye betri iliyojaa, kwa maana stima ikipotea katikati kwenye kompyuta ya mezani unaanza upya, au mbaya zaidi diski inapata hitilafu. Kisha tenganisha diski hizo: moja ibaki nyumbani, nyingine iende kwa mwenzako au ofisini. Diski mbili ndani ya begi moja kwenye matatu moja ni nakala moja.

Wengine hutegemea hifadhi ya mtandaoni. Pima intaneti yako ya kupandisha kwanza. Kwa megabiti 10 kwa sekunde, saa moja ya ile 4K, gigabaiti 45, inachukua saa kumi kamili kupanda, mradi mtandao usikatike. Kwa video iliyokwisha haririwa ni sawa. Kwa kazi mbichi ya siku nzima, diski ndizo zitakazokufaa.

Kadi usizifute mpaka mteja ameipokea video na kuikubali. Zinunue za kutosha ili kazi ya Jumamosi hii isikulazimishe kufuta ya Jumamosi iliyopita. Ukifuta kwa bahati mbaya, acha kuitumia kadi hiyo mara moja na ujaribu PhotoRec, programu ya bure ya kurejesha faili. Kila dakika unayoendelea kurekodi juu yake inapunguza kinachoweza kuokolewa. Zipe kadi namba kwa kalamu isiyofutika, A na B kwa kila jozi, na uandike tarehe uliyoanza kuzitumia. Kadi iliyoonyesha hitilafu hata mara moja itoe kwenye jozi siku hiyohiyo, uirudishe kwa muuzaji ikiwa bado ina dhamana, na usiibakishe kwenye begi la kamera ambako mkono wenye haraka utaiokota asubuhi ya harusi.